Karatasi Niliyoisugua Polepole

Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyekaa upande wa kulia wa baba. Sinia la ugali likishawekwa mkekani, mama alikaa kushoto kwake, sisi watoto tukafuatana kuanzia hapo, na kulia kwake pakabaki mkeka mtupu. Mgeni akikosea akaketi kule, mama alimwambia, "Sogea huku, huko kuna upepo." Upepo gani? Tulikaa nyumba ya shirika la reli pale Mnyuzi, chumba na sebule, na dirisha lenyewe paka alilipita kwa kujibana. Lakini mgeni alisogea, na baba akaendelea kula kana kwamba hakusikia. Mara nyingi ni kweli hakusikia.

Surua ndiyo iliyomchukulia sikio hilo, akiwa mtoto huko Handeni. Usaha ulitoka miezi, bibi akatia dawa zote alizozijua, na usaha ulipokauka sikio la kulia lilikuwa limekufa. Hakuna aliyetuketisha akatusimulia. Tulikua tukijua, kama mtoto anavyojua ni mlango upi wa nyumba yao unaogoma kufunguka. Tulijua pia kwamba jambo hilo halitoki nje, kwa sababu kazi ya baba ilikuwa ni kusikiliza.

Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma ya reli na nyundo ya mpini mrefu, akigonga reli pale zinapoungana. Nati iliyokaza ina mlio wake, na iliyolegea ina wake. Aligonga, akainamisha kichwa, sikio la kushoto chini, akaendelea. Wenzake wa gengi walidhani ni madaha ya fundi. Aliajiriwa wakati wa Mwingereza, Uhuru ukamkuta na nyundo ile ile, na mwaka hadi mwaka alishinda kipimo cha masikio kwa ujanja aliotusimulia mara moja tu, huku akicheka mpaka machozi. Mpimaji alimsimamisha akitazama ukuta, akamziba sikio la kushoto kwa kidole, kisha akanong'ona majina ya stesheni. Kwa uvivu wake aliyataja kwa mpangilio wa njia, kila mwaka, kutoka Tanga kwenda juu. Kila pumzi ilipomgusa shingoni, baba alitaja stesheni inayofuata: Pongwe, Ngomeni, Muheza. "Nasikia vizuri, bwana mkubwa."

Mama hakucheka. Alisema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua," akaondoka na vyombo.

Mwaka ambao watu walihamishiwa vijijini kwa malori, mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya Korogwe. Siku moja niliitwa getini, nikamkuta baba ameshika ukuta. Mtu ambaye hajawahi kutia pombe mdomoni alikuwa anayumba kama aliyetoka kilabuni, na pale Mnyuzi watu walikwisha kuanza kunong'ona; hata imamu alimwita pembeni akamuuliza kwa upole. Sikio lililobaki lilikuwa linavuma, alisema, kana kwamba nyenje wameingia humo wakakataa kutoka. Shavu la kushoto ukimgusa, alihisi umemgusa kupitia nguo. Wiki iliyopita kiberenge kilikuja nyuma yake relini, kikapiga kelele zake zote, na yeye hakusogea. Mwenzake alimvuta kwa ukosi wa shati.

Nilimpeleka Korogwe ya zamani, kwa shangazi, apumzike. Njiani alisimama akanishika mkono.

"Mama," aliniita hivyo, kama baba zetu wanavyowaita binti zao wanapotaka kitu, "kichwa wakitazame. Lakini hili la kulia usilitaje. Barua ya daktari inakwenda kazini. Wakijua nilikuwa na sikio moja tangu siku ya kwanza, watatutoa kwenye nyumba kabla jua halijachwa, na lori litatubwaga porini. Umenisikia?"

"Nimekusikia, tate." Tate ni baba, kwa Kizigua chetu.

Na mimi nilimsikia kweli. Kila ninapokumbuka naona haya kwamba sikubishana hata kidogo. Wakati ule niliona fahari: baba yangu ananiamini.

Daktari bingwa alikuja kutoka Dar es Salaam, kama alivyokuja kila baada ya miezi kadhaa. Alikuwa Mwafrika mwenzetu aliyesoma ng'ambo akarudi, na hilo peke yake lilitufanya wanafunzi tunyooshe aproni. Aliinua picha za eksrei kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nami nione. Ndani ya mfupa wa kila upande kuna tundu linalopitisha mishipa ya fahamu kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo. La kulia lilikuwa jembamba. La kushoto lilikuwa limepanuka, kama tundu la panya lililotumika sana.

"Kuna uvimbe umekaa humu," alisema. "Si saratani, na unakua taratibu. Ila ukifika kwenye shina la ubongo, utamuua."

Kisha akataka kujua sikio la kulia likoje, kwa sababu upasuaji wote ulitegemea hilo. Alitazama ndani kwa taa, akaona ngoma ya sikio imetoboka. Akatoa kijichuma chenye meno mawili kama uma, ambacho ukikigonga kinavuma. Alikiweka karibu na sikio la kulia, baba akatikisa kichwa. Akakikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio lile lile.

"Nasikia," baba alisema. Na hapo hakusema uongo.

Daktari hakuridhika. Alinieleza, kwa subira ya mwalimu, kwamba mfupa wa kichwa hauna mpaka: mvumo ukiuweka kulia huvuka mpaka kushoto, na mgonjwa hawezi kujua ni sikio gani linalopokea. Ili kujua ukweli, lazima sikio la kushoto lipewe kelele ya kulishughulisha. Mashine ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Akachana karatasi kutoka kwenye daftari la wodi, akanipa. "Iweke juu ya sikio la kushoto, uisugue kwa nguvu. Mpaka nikwambie basi."

Nilisimama kushoto kwa baba, mahali pangu pa siku zote. Nikaanza kusugua. Baba alinitazama kwa pembe ya jicho, na jicho lile nililijua. Ndilo alilomtazamia mama kila mgeni alipokosea kukaa. Vidole vyangu vikalegea. Karatasi iliendelea kwenda na kurudi, ukiitazama ungeapa nafanya kazi, lakini mlio wake haukuzidi mlio wa kanga ikikunjwa. Daktari alikuwa ameinama upande wa pili, macho kwenye kile chuma.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na sasa?"

"Nasikia, daktari. Vizuri kabisa."

Akanyooka, ameridhika. "Ngoma imetoboka, lakini mshipa wa kusikia ni mzima," alisema, akaandika. "Basi tuna nafuu." Akaniambia ataingia kwa kupitia katikati ya sikio la kushoto lenyewe. Njia hiyo inaua usikivu moja kwa moja, lakini inamwezesha kuuona mapema mshipa wa uso na kuulinda, na kuutoa uvimbe wote. Sikio la kushoto lilikuwa bovu tayari. La kulia wangelitia kiraka baadaye, na kwa lugha yake, mzee angesikia kuliko alivyosikia kwa miaka mingi. Nilishika trei. Karatasi ilikuwa bado mkononi, nikaikunja nikaitia mfuko wa aproni.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema jioni ile, au kesho yake. Nilijiambia kwamba daktari bingwa hawezi kudanganywa na karatasi. Nilijiambia kwamba labda mshipa ni mzima kweli, labda sisi nyumbani ndio tuliokosea miaka yote. Mwanafunzi mwoga hakosi cha kujiambia.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa treni, kwa njia ile inayochepukia Mnyuzi, na kipande chake cha mwanzo kilikuwa chini ya uangalizi wa baba. Aliketi dirishani, akaegemeza kichwa chake kwenye fremu ya chuma, upande wa kushoto. Mfupa wake bado ulipokea alichoshindwa kupata hewani. Akafumba macho. Kila magurudumu yalipopita kiungo cha reli, midomo yake ilicheza.

"Hapo nati imelegea," alisema. Baadaye kidogo: "Hapa nilikaza mimi, mwezi wa Ramadhani." Abiria wa mbele yetu alimtazama akadhani anaomba dua.

Nilikuwa na safari nzima ya kusema. Ningemgusa bega, angeinua kichwa kutoka kwenye fremu, na angesikia kama ningepaza sauti karibu na sikio lake. Nilimpa chungwa. Alisikiliza reli mpaka tukaacha sehemu yake, hata baada ya hapo akaendelea kusikiliza, uso wake umetulia namna ambayo sijawahi kuiona tena. Kama kuna kitu nakishukuru katika habari hii, ni kwamba alikuwa na safari ile.

Upasuaji ulichukua kutwa. Nilikaa kwenye benchi la korido na kofia yangu ya uanafunzi mapajani, na kila muuguzi aliyepita alinitazama kama ndugu wa mgonjwa na si mwenzake. Daktari alitoka akiwa amechoka lakini anatabasamu. Uvimbe wote umetoka, alisema, na mshipa wa uso haukupata hata mkwaruzo.

Siku ya pili baba alifumbua macho vizuri. Kichwa kilifungwa bendeji mpaka kwenye nyusi. Daktari alikuja na vijana wake wa mafunzo, akaniambia, "Mwambie acheke, tuone mdomo." Nikasimama mbele yake. "Tate, cheka."

Baba alinitazama. Akawatazama madaktari, mmoja mmoja. Kisha akasema kwa sauti kubwa iliyowageuza wagonjwa wa wodi nzima, "Mbona mmenyamaza wote?"

Sitaki kupamba hapo. Daktari alizunguka kitanda mpaka upande wa kulia, upande ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kwenda kusema kitu, akainama akamwita. Akamwita tena. Akatoa kile chuma, akakigonga kwenye goti lake, akakikandamiza nyuma ya sikio la kulia. Baba alimwangalia mkono. Safari hii mvumo haukuwa na upande wa pili wa kuvukia.

Alinipeleka ofisini kwake. Nilitegemea atafoka, na laiti angefoka. Alikaa, akachukua bahasha ya eksrei, akaigeuza.

"Siku ile, karatasi uliisugua?"

"Niliisugua, daktari."

Hakuuliza tena. Akachora duara mgongoni mwa bahasha ile, akaligawa sehemu nne. Sijui kama alikuwa ananifundisha mimi au anajieleza nafsini mwake, lakini mchoro ule ningeweza kuuchora hata nikiamshwa usingizini. Juu mbele, mshipa unaochezesha uso. Chini mbele, mshipa wa kusikia. Nyuma, miwili inayoupa mwili mizani. Uvimbe wa namna hii huanzia kwenye hii ya nyuma, ndiyo maana mzee alikuwa anayumba, na ukikua huisukuma ya mbele mpaka mshipa wa kusikia unalala juu yake kama utepe, umeshikana na ganda lake.

"Na kati yake kinapita hiki." Alichora mstari mwembamba kiasi kwamba kalamu ilikwaruza tu. "Kimshipa cha damu. Ndicho kinacholisha sikio la ndani, na hakina msaidizi. Ukikivuta, kikajikunja, kikaziba, sikio linakufa pale pale, hata kama mshipa wa kusikia hukuugusa."

"Sasa mtu akiwa na sikio moja?" niliuliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Alirudisha kalamu kwenye duara. "Mtu mwenye sikio moja ningeweza kumwacha kwanza, nimchunge, mpaka uvimbe uninyime hiari. Halafu ningeingia kwa nyuma. Unafungua fuvu nyuma ya sikio, unausogeza ubongo mdogo taratibu, unachonga ukuta wa nyuma wa lile tundu. Unaacha kuchonga kabla hujaifikia mifereji ya mizani, kwa sababu ukiitoboa usikivu umekwenda. Halafu unauachanisha uvimbe kutoka upande wa ubongo kwenda upande wa sikio. Ukivuta kinyume, nyuzi za kusikia hukatika pale zinapoingia sikioni. Na kipande kinachogoma kwenye mshipa, unakiacha kilipo."

"Angesikia?"

"Labda. Mara nyingi hatufaulu." Akaweka kalamu chini. "Lakini ningejaribu. Mimi nimepita katikati ya sikio la baba yako kwa sababu nilijua ana jingine."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Nikaona wazi kwamba nikisema, ataandika, na shirika litasoma, na siri niliyomuulia baba sikio itatoka bure. Nikasema, "Asante, daktari," nikatoka. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu, na mpaka leo nauchukia kuliko ule wa karatasi, maana huu niliufanya kwa akili zangu zote.

Shirika lilimwondoa kazini hata hivyo. Kiziwi hatembei juu ya reli. Walimwandikia barua nzuri yenye shukrani, kwamba alitumikia taifa mpaka upasuaji ulipompa ulemavu, na hakuna aliyewahi kujua kuhusu Pongwe, Ngomeni, Muheza. Wenzake wa gengi walimkatia kipande cha reli chakavu, urefu wa mkono, wakampa na nyundo yake. Zawadi ya ajabu, lakini wangempa nini? Alirudi Handeni na mama, wakapangiwa kiwanja katika kijiji kipya nje kidogo ya Chanika ya huko huko, nyumba za udongo zimepangwa mistari, lile lile pori alilolihofia. Mwenyekiti wa kijiji alipokiona kile chuma, macho yalimng'aa. Kilitundikwa kwenye nguzo mbili mbele ya ofisi, kikawa kengele ya kwenda shamba la pamoja. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kugonga reli kama yeye, kazi ya kengele alipewa baba.

Nilihitimu, nikapangiwa zahanati ya pale karibu. Nilimwona kila asubuhi. Aligonga mara tatu, halafu badala ya kuinamisha kichwa, aliitazama milango ya watu. Milango ikianza kufunguka, alijua chuma kimelia. Wakati mwingine alikiwekea kiganja mpaka kitulie.

Kiziwi hajui sauti yake imefika wapi. Baba, aliyekaa na siri moja maisha yake yote, sasa alisema kila kitu kwa kupiga kelele: mama amegombana na nani, nani kaharisha, posho gani ya unga ina wadudu. Watu walicheka, nasi tulicheka. Tulimjibu kwa mikono. Kusoma hakujua, na darasa la watu wazima alilikimbia akisema macho yake si ya kujifunzia.

Asubuhi moja ya msimu wa palizi nilipita ofisini nikielekea zahanati. Watu walikwisha kuanza kukusanyika, majembe mabegani. Nikamshika mkono, maana shikamoo yangu siku hizo ilikuwa ya mkono. "Marahaba," alinguruma. Akavitazama vidole vyangu. Kisha akasema, kwa sauti ile iliyofika mpaka kwenye nyumba za mstari wa mwisho:

"Mama! Siku ile ya karatasi. Ulisugua polepole!"

Nikamwashiria kwa kiganja ashushe sauti. Hakuelewa, au hakujali.

"Niliona vidole vyako! Nilijua umenifichia siri. Nilifurahi siku ile, wallahi. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtoto!"

Watu waligeuka. Walikuwa hawajui karatasi ni nini, lakini walijua kwamba kuna kitu. Mwenyekiti alijifanya anahesabu majembe. Baba alisogea karibu, akaninyooshea kidole kifuani, si kwa ukali, kwa namna anavyouliza mtu aliyekesha na swali.

"Ungesugua kwa nguvu, wangefanyaje? Wewe umesomea. Ningesikia?"

Ile bahasha ilikuja yote mbele yangu, duara na sehemu zake nne na ule mstari uliokwaruza. Njia ya nyuma. Labda. Ningejaribu. Hakuna ishara ya mkono inayosema labda. Kuna ya ndiyo na kuna ya hapana, na yeye alikuwa anautazama uso wangu kama alivyoitazama milango ya watu.

Nikatikisa kichwa. Nikaviweka viganja vyangu sawa, kimoja kando ya kingine: ingekuwa vile vile.

Alishusha pumzi, akatabasamu kwa pande zote mbili za uso, ule uso uliolindwa vizuri. "Basi," alisema. Akaokota nyundo, akaigonga reli mara tatu, akageuka kuangalia kama watu wanaondoka.